Hewa Yenye Kiu

Watu wakisikia kwamba nina tangi la maji ya bahari sebuleni, hapa Bel-Air, Lubumbashi, maswali huja kwa mpangilio uleule. Samaki unawatoa wapi? Chumvi bei gani? Na jirani yangu mmoja, bila kuzunguka: "Mama Labo, hii samaki banakulaka?" Hawaliwi. Ila swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza ndilo ninalolijibu kila asubuhi kabla ya chai: usiku wa leo yameondoka maji kiasi gani?

Maana yanaondoka. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani lita 300 likijazwa mpaka ukingoni. Halivuji na hakuna anayelichota. Hata hivyo, wakati wa mvua linapoteza kama lita 2 kwa siku, na kiangazi linafika lita 4, pengine zaidi. Yote yanapanda hewani na kutokea dirishani. Kazi yangu ni ya maabara, kupima miyeyusho ya shaba, kwa hiyo nimezoea kudai hesabu ya kila lita iliyoingia na kila iliyotoka. Wanaofuga samaki wa baharini hapa mjini, nao ni wachache, wengi hutumia akili yao yote kwenye taa na samaki. Mimi nasema hivi: katika mji ulio kwenye mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wenye kiangazi cha kuanzia Mei hadi Septemba, mtu ajue kwanza hewa ya nyumba yake inakunywa kiasi gani, ndipo anunue chumvi.

Nieleze kidogo tangi lenyewe ni la nini. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa vimea vidogo mno vinavyotengeneza chakula kwa mwanga. Ukitaka kuwaweka nyumbani unahitaji maji yenye chumvi ya bahari, joto la nyuzi 25 au 26, mwanga mkali, na maji yasiyotulia. Chini ya tangi kubwa huwekwa tangi dogo. Maji hushuka humo, yakachujwa na kutolewa povu chafu, kisha pampu huyarudisha juu. Chumvi huja ikiwa unga mkavu, kwa malori yanayopitia mpaka wa Kasumbalesa, na hukorogwa kwenye maji safi. Nchi yetu ina pwani yake, kama kilomita 40 tu kule Muanda, lakini Mto Kongo unamwaga hapo maji baridi yenye tope, na matumbawe hayalipendi tope. Ya kwetu nyumbani asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Yale ya mawe yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga nao mwaka 1976. Kipande kisicho na karatasi zake usikinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Sasa tuje kwenye chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakipanda hewani, yanapanda peke yake, chumvi hubaki. Watu wa bonde la Lufira waliishi kwa kanuni hiyo zamani sana, wakichemsha maji ya chumvi ya Mwashya mpaka sufuriani ibaki chumvi yenyewe, ikaenda kuuzwa mbali. Tangi la matumbawe ni chemchemi ya Mwashya ambayo hutaki ikauke. Likipoteza lita 4 kwa siku na usilijaze kwa wiki moja, zile gramu 35 zimeshapita 38. Bahari ya Shamu ina chumvi kali kuliko hiyo na matumbawe yake yanastawi, lakini yale yamezaliwa humo. Ya kwako yataingizwa humo ndani ya siku saba, na kamba wadogo, konokono na kina kiti cha pweza ndio watakaokufa wa kwanza.

Kwa hiyo unajaza kwa maji matamu, si kwa maji ya chumvi. Ukijaza lita 4 za maji ya chumvi kila siku, unaongeza gramu 140 za chumvi kila siku, na kwa mwezi zaidi ya kilo 4 juu ya kilo 10 na nusu zilizokuwamo. Kuna ubishi mmoja hapa ambao naukubali nusu. Chumvi nayo hutoka kidogo kidogo: matone yanaruka na kukauka ukingoni yakaacha ukoko mweupe, na chombo cha kutoa povu hutupa maji ya chumvi pamoja na uchafu. Ukijaza maji matamu mpaka kwenye alama ileile miezi na miezi bila kupima, chumvi itapungua polepole. Ndiyo maana napima kila wiki. Densimeta yangu ya kioo husoma 1.026 kwenye nyuzi 25. Wanaotumia refraktomita wairekebishe kwa myeyusho maalumu wa gramu 35, kwa sababu inayosoma sifuri barabara kwenye maji matamu inaweza bado kudanganya kule juu.

Mdogo wangu, anayekaa upande wa Kasapa, alipoamua naye kuweka tangi, nilimwambia ajiandae kwa miezi miwili: Oktoba na Juni. Oktoba aliielewa mara moja. Juni akabisha: "Yaya, baridi iko mingi hivi, mayi inakauka namna gani?"

Hilo linawachanganya wengi, na ndilo lenye utamu katika habari hii yote. Tumezoea kwamba nguo hukauka jua likiwaka. Lakini kinachoamua si joto la hewa peke yake. Ni tofauti kati ya mvuke uliopo kwenye ngozi ya maji na ule uliopo chumbani. Hewa inayogusa maji ya nyuzi 25 hushiba kwa gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa ya Januari, mvua zikinyesha mfululizo, tayari imebeba gramu 15 au 16. Nafasi iliyobaki ni ndogo, kwa hiyo maji yanapanda kwa uvivu. Asubuhi ya Juni, nje kukiwa na nyuzi 10, hewa hata ikishiba kabisa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9. Hewa hiyo ikiingia ndani ya nyumba na kupata joto, mvuke wake hauongezeki; ni zilezile gramu 9, na kwa kawaida ni pungufu. Inakuta tangi lenye hita, ngozi yake ina gramu 23. Pengo hilo ni mara mbili ya lile la Januari. Oktoba, mchana wa nyuzi 32, hewa ingeweza kubeba gramu 34, lakini kwa kuwa mvua hazijashika imebeba labda 10 tu. Pengo linakaribia lile la Juni. Basi miezi miwili tunayoiona kama maadui, mmoja wa makoti na mmoja wa feni, kwa tangi inafanana.

Tofauti iko kwenye joto. Lita moja ikipanda hewani hutoka na joto lake, na joto hilo si dogo: linatosha kupoza lita 300 kwa karibu nyuzi 2. Juni, lita 4 zinazoondoka kwa siku huondoka na nishati ya karibu kilowati-saa 2.7, na hita inabidi ilipe yote. Watu hulaumu hita kuwa ni dhaifu, wakati anayekula umeme ni ule mvuke. Oktoba jambo hilohilo linageuka neema. Maji yakianza kufika nyuzi 29, unaelekeza feni ndogo kwenye uso wa maji, yanapanda kwa kasi, tangi linashuka nyuzi 2 au 3, na wewe unalipa kwa bidoni la maji matamu. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi sana pwani ya Kenya na Tanzania, kwa hiyo nyuzi hizo mbili za feni msizidharau. Mashine ya kupoza maji ipo, lakini inanguruma kama jenereta na bei yake sitaitaja hapa.

Mtu atasema: funika basi tangi kwa kioo, shida iishe. Usifanye hivyo. Kwenye mwinuko wetu, hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Ukifunika kabisa, hewa chafu ya pumzi za samaki inabaki juu ya maji, maji yanakuwa na asidi zaidi, na Oktoba yatachemka. Mimi nimeweka wavu mwembamba juu, maana samaki wengine wanaruka, na tangi la chini ndilo nililolifunika robo tatu. Juni nalizungushia blanketi usiku. Wageni wanacheka.

Umeme ukikatika, na hukatika, mambo yanageuka. Maji yakitulia hayapandi kwa kasi, na hita imezimika. Hatari ya saa zile ni kukosa pumzi, kwa hiyo betri ndogo ya kuendesha pampu ya hewa nunua kabla ya samaki. Lakini kuna mtego wa pili. Pampu ikisimama, maji ya juu hushuka yote yaliyo juu ya mdomo wa bomba. Tangi la chini lazima libaki na nafasi ya kuyapokea, na bomba la kurudisha litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji ili lisinyonye tangi zima mpaka sakafuni. Ukitaka kujua nafasi inatosha, zima umeme mwenyewe mchana, umesimama hapo, ndoo mkononi.

Kujaza kwa mkono kunachosha, na mwenye kazi ya zamu hawezi kuwapo kila siku. Kwa bahati, kupungua kwa maji huonekana mahali pamoja tu: chumba cha pampu katika tangi la chini. Juu kiwango hakibadiliki. Hapo ndipo huwekwa flota, sawa na ile ya tangi la choo, au kihisi cha umeme kinachowasha pampu ndogo. Vyote viwili vitaharibika siku moja. Konokono atakaa juu ya flota, au ukoko wa chumvi utaikwamisha ikiwa wazi. Dawa yake si kununua flota ya bei kubwa. Ni kuweka akiba ndogo. Bidoni la lita 10 likimiminika lote kwa mkupuo, gramu 35 zitashuka mpaka karibu 34. Matumbawe yatakunja mikono, kesho yatakunjua. Pipa la lita 100 likifanya hivyo, utazoa mizoga. Kwa hiyo bidoni ni la lita 10, na kwa kiangazi linajazwa kila baada ya siku mbili. Anayetaka kusafiri wiki nzima amfundishe mtoto wa nyumbani, na amwachie alama ya plasta kwenye kioo.

Sasa maji hayo matamu yatoke wapi? Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo taaluma yangu inaponiwasha. Kwa wastani wa lita 3 kwa siku, tangi langu hunywa karibu lita 1,100 kwa mwaka. Ni karibu mara nne ya ujazo wake. Maji yote hayo yanaondoka yakiwa safi kabisa, na kila kilichokuwa ndani yake kinabaki. Maji ya foraji nyingi za hapa, yaani visima vya kuchimbwa kwa mashine, yamepita kwenye miamba ya dolomiti na chokaa, ni magumu. Mama yeyote ameona ukoko wake ndani ya birika. Yakiwa na gramu 0.2 tu za madini kwa lita, mwaka mmoja unaacha gramu 220 tangini. Halafu kuna shaba. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa. Binadamu atakunywa na kuendelea na kazi zake. Kamba na matumbawe huumia kwa kiasi kidogo mara kumi kuliko hicho, hata mara mia, na bahari yenyewe ina shaba chini ya mikrogramu moja kwa lita. Katika mji uliojengwa na shaba, mabomba ya shaba yakiwa ndani ya kuta, sijazi kwa maji ya bomba wala ya foraji. Na sitii mkono tangini kabla sijaoga nikitoka kazini.

Suluhisho ni chujio la osmosi lenye resini mwishoni. Linahitaji msukumo wa maji, na msukumo wetu wajua ulivyo, kwa hiyo wengi huongeza pampu ndogo. Linatupa lita 3 au 4 kwa kila lita moja safi. Maji ya mvua yanashawishi, lakini bati la paa na vumbi la mji huu vinayatia madini hayohayo niliyokwisha kuyataja.

Lipo jambo moja ambalo hufanya kiangazi kiwe rafiki, na nashangaa wachache wanalitumia. Matumbawe yanajenga mifupa, kwa hiyo yanakula kalisi kila siku. Chokaa iliyolainishwa huyeyuka kidogo tu majini, gramu 1 na nusu hivi kwa lita, na maji hayo ya chokaa yana kalisi na yanapunguza asidi. Ukiyatumia kuwa ndiyo maji yako ya kujazia, kila tone linalopanda hewani linanunulia matumbawe chakula. Lita 4 zina kama gramu 3 za kalisi. Wakati wa mvua, tangi likikubali lita 2 tu, huwezi kulisha zaidi ya nusu ya hapo. Hewa kavu inakupa nafasi ya kulisha. Yaingie tone kwa tone, usiku, kwa sababu ni makali kiasi cha kuchubua ngozi. Na chokaa iwe safi, ya chakula au ya maabara. Ile ya magunia ya viwandani, tunayotumia kupunguza asidi za kiwanda, haina kazi hapa. Najua kilichomo ndani yake kwa sababu ndiyo ninayoipima.

Anayeona gharama hizi ni za wazimu, ana haki, na ninayo njia nyingine kwake. Ziwa Tanganyika lenyewe ni tangi la namna hii. Lina urefu wa kilomita 673, mito inaingia pande zote, na maji mengi mno yanayotoka humo yanatoka kwa kupanda hewani, si kwa mto. Mlango wake mmoja ni Lukuga, pale Kalemie. Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliuona kuwa ni njia ya kutokea maji. Stanley mwaka 1876 akaukuta umezibwa na tope na majani. Miaka michache baadaye ziwa lilikuwa limepasua kizuizi na mto unakwenda kwa nguvu. Kwa sababu jua linachukua maji na kuacha madini, maji ya ziwa hilo yamekuwa magumu, na asidi yake ni ndogo kiasi cha kukaribia 9 kwenye kipimo cha pH. Mvua zikizidi jua, hufurika, kama Kalemie, Uvira na Bujumbura walivyoona miaka hii ya 2020. Samaki wake wa rangi wanajulikana kwa wafugaji wa Ujerumani na Marekani kwa majina ya miji na vijiji vyetu: Moba, Kapampa, Moliro. Kuna watu huko hawajui Kinshasa iko wapi lakini Moliro wanaitaja vizuri. Tangi la samaki hao halihitaji chumvi ya Kasumbalesa, na ule ugumu wa maji ya foraji, uliokuwa adui, unakuwa msaada. Ila hesabu ya kupungua ni ileile, na kila wiki lazima umwage sehemu ya maji ya zamani, kwa kuwa tangi lako halina Lukuga.

Mdogo wangu hakutaka samaki wa Moba, alitaka matumbawe. Basi nikampa kazi moja: jaza tangi maji matupu bila chumvi, washa pampu na hita, bandika plasta kwenye kioo cha chumba cha pampu, na kila jioni jaza kwa chupa yenye alama za lita mpaka kwenye plasta, ukiandika. Maji matupu hupanda kasi kidogo kuliko ya chumvi, tofauti isiyofika sehemu moja ya ishirini, kwa hiyo hesabu inafaa. Ilikuwa Julai. Akapata zaidi ya lita 5 kwa siku, kwa sababu alikuwa ameliweka kati ya dirisha na mlango, upepo ukilipita juu. Akalisogeza ukuta wa ndani, ikashuka mpaka karibu 4. Hakuwa bado amenunua hata kopo moja la chumvi. Kwa lita hizo 4, chujio lake litatupa lita 12 hadi 16 kila siku, na mkewe ameshayapangia kazi: yatakwenda kwenye tuta la lengalenga nyuma ya jiko, na ya Jumamosi yatafua.